Pua ya Mbwa na Kifutu Aliyelala

Mhadhara kwa wakazi wa Kwihara, Tabora

 

Nimeombwa nizungumze juu ya mbwa na nyoka wa majumbani. Aliyeniletea ombi hilo aliniambia watu wanataka kujua ni mbwa wa aina gani anayefaa kuilinda nyumba isiingiwe na nyoka. Nitalijibu mapema ili mwenye haraka ajiondokee: hakuna. Mbwa hamzuii nyoka kuingia uani. Anachoweza ni kuwatambua baadhi ya nyoka kabla yetu, na kwa kazi hiyo hulipa kwa jicho, kwa mdomo au kwa uhai wake. Na yupo nyoka mmoja, tena wa kawaida kabisa katika mashamba yetu, ambaye mbwa hamtambui hata akimpitia hatua moja.

Tuanzie hapa hapa. Tembe lile walimokaa Stanley na Livingstone, ambalo wageni huja kulipiga picha, mnalijua. Stanley alifika Kwihara mwezi Juni mwaka 1871, akakwama miezi kadhaa kwa sababu ya vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Februari iliyofuata alirudi akiwa na Livingstone, na yule mzee akabaki akisubiri wapagazi mpaka Agosti 25, 1872. Wote wawili walikuwa watu wa mbwa. Mbwa wa Stanley, Omar, aliyetoka naye India, alikufa kwa maradhi ya tumbo baada ya kuvuka kinamasi cha Makata, hata kabla ya kuipanda milima ya Usagara. Wa Livingstone, Chitane, alizama majini Januari 1867 huko kusini, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Njia za misafara zilikuwa na namna nyingi za kumwua mbwa.

Lakini nyoka naye yumo katika historia ya njia hizo, na habari yake naiona ina faida kwetu zaidi ya picha za tembe. Mwaka 1873 watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo. Wakafika hapa Unyanyembe Oktoba, wakamkuta Luteni Cameron, kisha wakaendelea kuelekea pwani. Msafarani alikuwamo binti mdogo aitwaye Losi. Alikuwa amejitwika mtungi wa maji, yumo katika mstari pamoja na wengine, nyoka mkubwa akakatiza njia, akamgonga pajani, kisha akatokomea katika shimo lililokuwa karibu. Walimbeba, wakamfanyia kila walichokijua. Dakika kumi hazikutimia, akafa. Baadaye, wenzake walipokwisha kufika Unguja, Mwarabu mmoja aliyekuja kwa njia ile ile aliwasimulia kwamba mtu wake mmoja amegongwa mahali pale pale na akafa vilevile, na walipotafuta pa kumzika wakalikuta kaburi la Losi. Wakamlaza kando yake. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1874 katika shajara za mwisho za Livingstone, alizozihariri Horace Waller.

Waliosimulia waliamini kuwa nyoka yule alikuwa mkorofi, mwindaji wa watu. Mimi naisoma habari hii kwa namna nyingine. Ukubwa wake, kasi yake, shimo lake na kifo cha haraka vinanielekeza kwa koboko. Kwa kawaida sumu ya koboko huchukua muda mrefu zaidi kumwua mtu, lakini mwili wa mtoto ni mdogo na dozi huenda ilikuwa kubwa. Koboko akishapata kichuguu au pango la mti linalomfaa, na asibughudhiwe, hukaa humo muda mrefu sana. Hutoka asubuhi kuota jua na kuwinda, hurudi kwake. Sasa mistari ya wapagazi ilikuwa ikipita kati yake na mlango wake. Ukimkatia nyoka njia ya kurudi shimoni, atakuja upande ulipo wewe, na aliye mbele yake atasema amefukuzwa. Losi alikutwa kwenye kizingiti cha nyumba ya mtu mwingine.

Nyumbani kwetu mambo ni kinyume chake: nyoka ndiye anayekuja kwenye kizingiti chetu, na haji kututafuta sisi. Hebu tazameni ua wa kawaida wa hapa. Kuna kihenge au ghala la mahindi na karanga, kwa hiyo kuna panya. Kuna rundo la kuni. Na kwa wakulima wa tumbaku kuna bani la kukaushia, na kando ya bani kuna magogo yaliyopangwa tangu msimu uliopita. Kuna banda la kuku, lina mayai na vifaranga. Kuna beseni la maji linalovuja, na vyura wa masika wamelizunguka. Kila kimoja katika hivyo kina mteja wake miongoni mwa nyoka.

Halafu kuna chakula cha mbwa. Hapa ndipo ninapogombana na rafiki zangu wafugaji. Jioni mbwa anamwagiwa ugali na makombo ya dagaa nyuma ya jiko, anakula nusu, kinachobaki kinalala hapo. Saa nne usiku panya wanafika. Bakuli lake la maji linaita vyura. Baada ya panya na vyura huja wanaowala, na mwenye ua anashangaa mbwa yupo na nyoka wapo. Mbwa alishwe kwa kipimo, sahani iondolewe anapomaliza, na sehemu yake ya kulia iwe peupe, mbali na kuni na mbali na mlango. Nasema hili kwa kirefu kwa sababu halina gharama, na kwa sababu watu wengi hupenda kuniuliza habari za dawa ya kunyunyiza kuliko habari za sahani.

Nyoka wengi mtakaowaona hawana sumu ya kuwadhuru. Nyoka wa kahawia anayeingia ghalani usiku kutafuta panya anawafanyia kazi ambayo paka wenu wameikataa. Wenye sumu kali ninaowataja leo ni watatu: koboko, swila na kifutu. Wapo wengine katika miyombo, wa mitini na wa ardhini, lakini hawa watatu ndio walio na habari ndefu na mbwa.

Koboko nitampita upesi, kwa kuwa hana mengi ya kufundisha zaidi ya kukaa mbali naye. Mbwa akimbwekea karibu na kichuguu, koboko anaweza kugonga zaidi ya mara moja kwa mfululizo. Sumu yake hushika mishipa ya fahamu: mbwa huyumba, mate yanatoka, miguu inalegea, mwishowe misuli ya kupumua inasimama. Kidonda chenyewe huenda kisivimbe hata kidogo, ndiyo maana watu hudhani amekula sumu ya panya. Ukikiona kichuguu ambacho mbwa wako hukizunguka kila siku huku manyoya yamemsimama, usikichimbue kwa jembe. Mbadilishie mbwa njia.

Swila ndiye nyoka anayejulikana kwa mbwa wa uani, kwa sababu anajitokeza. Husimama, hupanua shingo, na mbwa kwa tabia yake husimama mbele yake akibweka, uso kwa uso. Huo ndio umbali anaoutaka swila. Hutema sumu kwa shabaha ya uso, na inafika mita mbili na zaidi. Mwaka 2021 wataalamu waliochunguza sumu za nyoka watemao, wa Afrika na wa Asia, walionyesha kwamba utemaji ulianza mara tatu, katika koo tatu zisizorithiana jambo hilo, na kila mara sumu iligeuka kwa namna inayoongeza maumivu. Maana yake sumu ile haikuwekwa kwa ajili ya kuwinda panya. Ni ya kumwambia adui mkubwa aondoke. Watafiti hao wakakisia kwamba adui huyo huenda alikuwa babu zetu walioanza kutembea kwa miguu miwili na kushika fimbo. Mbwa basi ni kama anapokea barua iliyoandikwa kwa jina letu.

Mbwa aliyetemewa hufumba jicho, hulia, hujisugua uso chini kwenye mchanga. Kujisugua huko ndiko kunakoharibu jicho zaidi, maana mchanga unachana ile ngozi nyembamba ya mbele. Mshike, kichwa kilale upande, mmiminie maji safi taratibu machoni, robo saa nzima au zaidi. Robo saa ni ndefu. Mmoja ashike mbwa, mwingine amimine, wa tatu alete maji. Watu hapa hutumia maziwa. Siwakatazi kama yapo mkononi na maji yapo kisimani, kwa kuwa cha maana ni kimiminika cha kuosha kisichochoma. Ila maziwa hayana nguvu yoyote ambayo maji hayana. Msitie mkojo, msitie maji ya tumbaku, msitie limau. Kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo akaangalie kama jicho lina kidonda, na msimtie matone ya macho yaliyobaki kwa bibi, kwani yako matone yenye dawa za kupunguza uvimbe ambayo juu ya kidonda huleta upofu. Akioshwa mapema, mara nyingi mbwa huona tena baada ya siku chache.

Sasa kifutu. Huyu ndiye aliyenifanya nikubali kusimama hapa.

Kifutu hawindi kwa kutembea. Hulala mahali pamoja siku nyingi, pengine wiki, chini ya majani makavu au pembeni mwa njia ya panya, akingoja. Rangi yake ni ya majani hayo hayo. Ni mnene, mzito, hana mbio, na akizaa huzaa watoto hai, kwa kawaida makumi kadhaa. Jike mmoja wa asili ya Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Czech alizaa 156 kwa mkupuo mmoja. Mnyama wa namna hii, asiyekimbia na anayelala ardhini wiki nzima, angepaswa kuliwa na kila nguchiro anayepita. Haliwi sana. Kwa nini?

Mwaka 2015 Ashadee Kay Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walichapisha jibu. Walikuwa wakiwafuatilia vifutu porini, wakaona wanyama wawindao kwa pua wanawapita karibu sana bila kushtuka. Wakachukua mbwa waliofunzwa kunusa, na nguchiro wa kusini wanaoishi kwa makundi, wakawapa harufu za nyoka mbalimbali. Nyoka wanaotembea kutafuta mawindo, wanyama hao waliwatambua vizuri. Kifutu hai hawakumtambua. Gamba lake alilolivua walilitambua, kwa hiyo si kwamba harufu ya kifutu haijulikani kwa pua. Akiwa hai na ametulia, haitoi kwa kiasi cha kunuswa. Mbwa aliyefundishwa, katika jaribio, akiwa hana kazi nyingine ila kunusa, alishindwa. Na tusiidharau elimu ya pua: hapa hapa nchini, Morogoro, panya buku wamefundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Kifutu anazima kile ambacho hata bomu haliwezi kuzima.

Mwenye mbwa aliyeumwa na kifutu huniambia kwa huzuni, tena kwa aibu kidogo, kwamba mbwa wake ni mjinga, amemkanyaga nyoka. Hakuna ujinga hapo. Mbwa alikuwa ameinamisha pua akifuata harufu ya panya, njia ile ile anayoilinda kifutu, na kwa pua yake mbele hapakuwa na kitu. Ndiyo sababu majeraha mengi ya mbwa huwa mdomoni, usoni na miguu ya mbele.

Na hapa kuna jambo linalowahusu nyinyi wenyewe. Usiku mtu anatoka kwenda chooni, mbwa anatangulia, mtu anafuata bila tochi akidhani njia imekwisha kukaguliwa. Imekaguliwa kwa swila, pengine. Kwa kifutu haijakaguliwa hata kidogo. Washeni tochi ya simu, vaeni viatu, mtazame mnapokanyaga, hasa mvua za Novemba zinapoanza na vyura na panya wakaanza kutembea.

Mbwa akigongwa na kifutu, saa ya kwanza huweza kuwadanganya: amelia, kavimba kidogo, anatikisa mkia. Kisha uvimbe unapanda, ngozi inakuwa nyeusi, malengelenge yanatoka, nyama inaanza kuoza, na damu inayovuja ndani ya uvimbe huuacha moyo ukisukuma mishipa mitupu. Aliyegongwa mdomoni au shingoni huvimba hadi koo likaziba. Jambo la kwanza basi ni kumvua ukanda wa shingo au kamba. Jambo la pili ni kumbeba. Asitembee; mwekeni kwenye toroli, au kwenye tenga nyuma ya bodaboda mwende Tabora mjini. Msimfunge kamba juu ya jeraha, kwani kamba huifungia sumu ile sehemu moja na mguu mzima ukafa. Msichanje, msinyonye. Lile jiwe jeusi la mfupa wa ng'ombe uliochomwa, ambalo wengi wenu mnalo kabatini, limejaribiwa kwa panya wa maabara na halikuwapunguzia sumu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba watu hukaa wakilitazama limeganda, na muda unakwenda.

Mtaniuliza dawa yenyewe ya sumu. Ipo, na hutengenezwa kwa kumzoesha farasi sumu kidogo kidogo, kisha kuchukua kinga iliyo katika damu yake. Mbwa hutibiwa kwa dawa ile ile ya binadamu. Kipimo chake hakifuati ukubwa wa mgonjwa. Hufuata wingi wa sumu iliyoingia, kwa hiyo mbwa mdogo aliyegongwa na kifutu mkubwa anahitaji chupa nyingi kama mtu mzima. Sitawaficha: kwa mbwa wengi wa hapa haitapatikana, na nikiwa na chupa moja, mtoto amelala kitanda hiki na mbwa yuko nje, sitajiuliza mara mbili. Hata kwa watu ni adimu. Kampuni ya Kifaransa ya Sanofi Pasteur iliacha mwaka 2014 kutengeneza dawa yake iliyotumika sana barani Afrika, na shehena ya mwisho iliisha muda wake Juni 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likayaingiza majeraha ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Mbwa hawahesabiwi na mtu. Hata hivyo mbwa anaweza kuokolewa bila dawa hiyo, kwa maji ya mishipani, dawa ya maumivu, kusafishwa kidonda kila siku, na mwenye mbwa asiyechoka.

Nimeona baadhi ya wazee wakitazamana nilipotaja kumshika mbwa usoni. Tupo karibu na msikiti, nami najua mate ya mbwa yana hukumu yake. Lakini mbwa wa kulinda mifugo, wa mashamba na wa kuwinda ameruhusiwa, na udongo na maji ya kujitwaharisha tunayo. Mnayo pia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu. Anayeona uzito avae mfuko wa plastiki mikononi, amuoshe mbwa macho, mengine atayamaliza na sabuni na sheikh wake.

Kuna elimu ya zamani ambayo sipendi ipotee. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na chama cha wacheza nyoka, Wayeye. Hans Cory aliandika habari zao za Usukumani mwaka 1946. Chale zao na dawa zake siwezi kuzitolea dhamana, wala sitampaka mbwa wangu. Lakini mtu anayemshika swila kwa mkono anajua saa anazotoka, mahali anapolala na ishara anayotoa kabla ya kutema, na elimu hiyo ni ya kweli. Huko kusini, Liwale na Newala, alikuwako Mwingereza Ionides, ambaye watu walimwita Bwana Nyoka, aliyekufa mwaka 1968. Nguvu yake ilikuwa wanakijiji: wakimwona nyoka, mmoja alikwenda kumwita, mwingine alibaki kwa mbali akimtazama nyoka asipotee. Hiyo ndiyo kazi ninayompa mbwa, na ni hiyo tu. Anapobweka kwa sauti ile ya kusimama mahali pamoja, ambayo kila mwenye mbwa anaijua, mwite arudi, mfungie ndani, kisha wewe mtazame nyoka ukiwa mbali. Nyoka aliyeachiwa njia mara nyingi huondoka. Mnaosimama nyuma ya mbwa mkimchochea kwa kelele, mkifurahia ushujaa wake, mnamtuma akafe kwa ajili ya nyoka ambaye alikuwa anakwenda zake. Naomba mlichukue hili kama shutuma, maana nimelikusudia hivyo.

Kuna kijana ameniandikia swali kwenye karatasi: mbwa aliyepona, je, amepata kinga? Asitegemee. Kinga itokanayo na kugongwa mara moja na kupona kwa bahati ni ndogo, na sumu ya swila haifanani na ya koboko. Tena aliyewahi kuchomwa dawa ya farasi anaweza kupata mzio mkali akichomwa mara ya pili, kwa hiyo mwambieni daktari. Kuhusu akili, wako wanaojifunza kukaa mbali. Wengine, hasa wale wadogo wenye hasira, humwendea nyoka wa pili kwa kisasi. Huyo wa kisasi mfungeni jua linapotua kipindi chote cha masika, kwenye sakafu iliyofagiwa, mbali na kuni, na kamba iwe fupi isimfikishe kwenye nyasi.

Sasa naomba maswali. Tuanze na akina mama wa kule nyuma, maana ndio wanaofagia uwanja alfajiri na kuinua kuni kwa mikono mitupu.